Chuma cha Bibi Kilichobaki Mlangoni

Sipendi harufu ya mpira mpya. Watu wangu wanalijua hilo na hunitania nalo. Wakinunua kandambili huzianika nje siku mbili tatu kwanza, ndipo waziingize ndani. Wao hudhani nina kifua. Sijawaambia kwamba harufu ile hunirudisha kwenye ukumbi wetu wa Shella, asubuhi, sakafu ya saruji ikiwa bado na unyevu wa kupigwa deki, na Bibi yangu amesimama katikati yake akitetemeka, mikono yote miwili juu ya fremu ya chuma ya miguu minne, na kila mguu wa chuma umevishwa mpira mpya mweusi.

Bibi huyo ndiye aliyemzaa Mama, na nyumba ilikuwa yake. Baba alifanya kazi Kilifi na kurudi mwisho wa juma, kwa hivyo siku nyingine tulikuwa wanawake peke yetu: Bibi, Mama na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na ulimi mrefu kuliko miaka yangu. Mtaa mzima ulimjua Bibi kwa sauti yake. Maulidi ya wanawake hayakuanza mpaka afike, na akifika alipishwa hadi mbele, karibu na chetezo cha udi. Na pale msomaji anapofikia kuzaliwa kwa Mtume, pale ambapo watu wote huinuka kwenye mikeka na kumkaribisha kwa kaswida wakiwa wima, yaani kiyamu, Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na wa kwanza kuitoa sauti. Mimi nilikuwa nikimshika nguo na kujiona bora kuliko watoto wote waliokuwamo humo ndani.

Kiharusi kilimkuta akikanda unga wa mahamri. Alikuwa akinisema kwa sababu nilichelewa kurudi kutoka dukani, na katikati ya maneno akanyamaza. Mkono wa kulia ulikuwa umezama kwenye unga na haukutoka. Nilidhani amekasirika sana kiasi cha kukosa maneno, nikasimama nimeinamisha kichwa nikingoja amalize. Sijui nilisimama muda gani. Mama aliporudi kutoka kisimani alipiga ukelele, na mimi bado nilikuwa nimeinamisha kichwa, mtoto mwenye adabu zake.

Majirani walisema amepitiwa na upepo. Wengine walisema jicho, kwa ile sauti yake. Mama hakubishana na mtu. Alimpeleka hospitali ya Kilifi, akalazwa huko siku nyingi, na aliporudi alikuwa na uso mpya. Mdomo ulikuwa umevutika upande wa kushoto. Akilia, ungedhani anacheka. Akicheka, ungedhani analia. Mimi nilikuwa nikibahatisha, na mara nyingi nilibahatisha vibaya. Mguu wa kulia ulikuwa ukiburuzika nyuma yake, na mkono wa kulia ulikuwa na nguvu ya kushika lakini si ya kushikilia.

Ndipo akaja Dada Kadzo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mgiriama mwenye mikono mipana na sauti ya chini, aliyekuwa akija kwetu mara mbili kwa wiki. Alimwita Bibi "hawe", kama kwao wanavyowaita bibi zao. Siku ya kwanza hakumgusa mguu wala mkono. Alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Hawe, wataka nini?"

"Apone, mwanangu," Mama akajibu. "Atembee."

"Nimemuuliza yeye."

Ulimi wa Bibi ulikuwa bado mzito, na alichukia kusikika akikokota maneno. "Mfungo sita," akasema, yaani mwezi wa maulidi. "Nataka kusimama. Kwenye kiyamu."

Kadzo hakuwa wa dini yetu, ikabidi Mama amweleze kiyamu ni nini. Alisikiliza hadi mwisho, akahesabu miezi kwa vidole. "Miezi minne na kitu," akasema. "Yawezekana, hawe. Lakini utanichukia kwanza."

Chuma chenyewe, ile fremu ya kutembelea, kilitoka kwa Mhindi muuza vitambaa, jirani wa zamani, ambaye mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikileta mwenyewe begani, amekikosha kwa sabuni na kukitia mipira mipya chini. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakiweka mbele yake. "Mama alitembea na hiki mpaka dukani," akasema. "Kila siku alikuja kunigombeza mbele ya wateja. Na wewe njoo unigombeze." Bibi alilia, au alicheka. Nilichagua kwamba alicheka.

Sijui kama nimewahi kuona mtu akifanya kazi kama Bibi alivyofanya miezi ile. Kadzo alimfunga mkono wa kulia kwenye chuma kwa kipande cha leso, usiponyoke. Kisha akamfundisha mwendo kwa maneno matatu: chuma, mgonjwa, mzima. Chuma kitangulie, mguu mgonjwa ufuate, mguu mzima umalizie. Nami nikitoka chuoni kusoma Kurani niliyasema maneno hayo kwa sauti ya ualimu, na Bibi alikwenda ukumbini na kurudi, ukumbini na kurudi, akanilaani kidogo kila alipofika ukutani.

Lakini shabaha yake haikuwa kutembea. Shabaha yake ilikuwa kuinuka. Kiti, miguu nyuma, mkono mzima usukume kiti. "Pua mbele, hawe," Kadzo alisema. "Pua ipite vidole vya miguu. Usiogope, sakafu haiwezi kukujia." Bibi aliinama mpaka nikadhani ataanguka, akajiinua, na kiuno kilipoachana na kiti, mkono ule mzima uliruka mbele ukashika chuma. Hapo palikuwa na kitendo kimoja cha haraka mno, mkono kuacha kiti na kukutana na chuma. Ukichelewa, unarudi chini. Alikifanya mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mimi nikihesabu. Wiki za mwanzo alifika tatu. Mfungo tano, mwezi wa kabla ya maulidi, ulipokwisha alikuwa akimaliza kumi zote, na mara moja, alipokuwa amesimama, alianza kuitoa ile kaswida, mstari mmoja tu, sauti ikiwa imepasuka. Mama alikuwa jikoni. Niliona mgongo wake ukiacha kusogea.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuosha. Vichochoro vya kwetu vina mitaro, na mitaroni hupita kila kitu, mbuzi na paka wakiwemo. Sakafu ya ndani ni ya watu kuswali. Kwa hivyo kila chuma kilipotoka nje na kurudi, nilikosha mipira ile minne kwa kopo la maji na kitambaa kabla hakijavuka kizingiti. Tukienda kwa watu, Mama alinipa chupa ya maji nikaoshee mlangoni kwao. Viatu huachwa nje, lakini chuma ni miguu yake, Mama alisema, na miguu hutawadha ikaingia.

Mwanzoni nilijivunia kazi ile. Nisingeandika haya kama ningebaki hivyo.

Ilianzia chuoni. Nuru, msichana niliyemtaka awe rafiki yangu kuliko chochote duniani, alihesabu siku moja mbele ya wenzetu: ya Bibi miwili, ya chuma minne. "Miguu Sita," akasema, na jina likashika siku ileile. Jina baya halihitaji kubembelezwa. Mara ya kwanza nilimrukia Nuru nywele. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu nilicheka nao. Baada ya hapo, tukitoka na Bibi jioni kwa mazoezi ya kichochoroni, nilianza kubaki nyuma nikijifanya nafunga kandambili, na kandambili hazifungwi. Bibi alikuwa akisimama akaningojea. Alidhani nimechoka, akaniuliza kama miguu inaniuma.

Mfungo sita ukaingia. Maulidi makubwa ya mtaa wetu yalikuwa kwa Bi Fatuma, shoga wa Bibi tangu utoto wao, nyumba ya vichochoro vitatu kutoka kwetu. Mama alikwenda huko alfajiri kusaidia kupika. Mimi nilikuwa nimechaguliwa miongoni mwa wasichana wanne wa kuzunguka na mrashi na kuwanyunyizia wageni marashi, na mmoja wa wale wanne alikuwa Nuru. Nilishonewa kanzu nyeupe. Mama aliniachia maagizo mawili tu: nimlete Bibi polepole, na nisisahau chupa ya maji.

Tulikwenda polepole. Tulipumzika kwenye baraza tatu. Bibi alikuwa amevaa nguo yake ya hariri chini ya buibui na kikuba cha asmini kifuani, na jasho lilikuwa likimtiririka chini ya shungi. Hakuzungumza njia nzima ila mara moja. "Ntasimama," akasema, na hakuwa akiniambia mimi.

Mlangoni kwa Bi Fatuma viatu vilikuwa vimejaa hadi kichochoroni. Nilimwacha Bibi amesimama na chuma chake kwenye kona ya nje, nikatangulia kuchungulia. Nuru alikuwa ndani ya kizingiti, mrashi mkononi, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Yuaja leo Miguu Sita?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

Akatazama nyuma yangu, lakini kona ilimficha. "Akija na kile chuma chake mbele ya watu wote, mimi ntacheka. Siwezi kujizuia."

Nilirudi kwa Bibi. Chupa ya maji ilikuwa kwapani. Akasema, "Kioshe basi tuingie." Nami nikasikia sauti yangu ikisema, "Ngoja nimuulize kwanza mwenye nyumba." Nikaingia ndani ya mlango, nikasimama nyuma ya ubao wa mlango kiasi cha kupumua mara tano au sita, sikuuliza mtu, nikatoka.

"Bi Fatuma amesema chuma kikae hapa na viatu. Kimekanyaga mtaroni. Mikeka yake ni ya kuswalia."

Bibi alinitazama. "Fatuma?"

"Ndiye."

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

Nilijitayarishia hasira. Bibi wa zamani angeingia na chuma chake, na viatu vyake pia, na angemwambia Bi Fatuma maneno ambayo wajukuu wake wangeyarithi. Lakini aliinama, akashika kile kipande cha leso kwa meno na kuufungua mkono wake mwenyewe kutoka kwenye chuma. Sikumsaidia. Alipomaliza aliniwekea mkono begani, mzito, na tukaacha chuma kikiegemea ukuta katikati ya makubadhi na kandambili za watu.

Bi Fatuma alikuja mbio kutupokea. Alimkumbatia Bibi, akambusu huku na huku, akamwongoza kwenye kiti kimoja pekee kilichokuwa ukumbini, kimewekwa karibu na ukuta, kina mto juu yake. Watu wengine wote walikuwa chini. "Nimekuwekea hapa, shoga yangu, upate kuinuka vizuri," akasema. Bibi alijibu, "Ahsante," akaketi. Mimi nilikwisha kimbilia mrashi.

Nilizunguka ukumbi mzima nikinyunyiza marashi na kila mtu akinisifu kanzu. Nuru alinishika mkono mbele ya wenzetu. Nataka kusema ukweli hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika: nilikuwa na furaha. Kwa muda wa robo saa hivi nilikuwa na furaha niliyokuwa nikiitafuta miezi mingi, na sikumtazama Bibi hata mara moja.

Kisha msomaji akafika mahali pake, na wanawake wote wakainuka.

Mlio wa nguo nyingi zikiinuka pamoja ni mlio wa peke yake. Udi ulikuwa umejaa hewani, kaswida ikaanza, na kwa mara ya kwanza ilianzwa na sauti nyingine. Nikasikia jina langu. Bibi aliniita kwa sauti ya chini. Akaniita tena. Alikuwa amekaa peke yake ndani ya msitu wa watu waliosimama, naye alihitaji mmoja tu ageuke. Nuru alikuwa amenishika mkono. Nilimsikia Bibi mara ya tatu, nikaimba kwa nguvu zaidi.

Nilipogeuka, alikuwa ameanza mwenyewe. Niliona miguu ikirudi nyuma. Niliona mkono mzima ukisukuma kiti, pua ikienda mbele, ikapita vidole vya miguu, sawasawa kabisa, vile tulivyofanya mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Kiuno kikaachana na kiti. Na mkono wake ukaruka mbele kushika chuma, na chuma hakikuwepo. Niliyaona macho yake kabla hajaanguka. Alikuwa amesahau. Mwili wake ulifundishwa kwamba chuma kitakuwepo, na mwili haukuwa na habari ya uongo wangu.

Aliangukia uso, kwenye mkeka, katikati ya miguu ya watu. Kaswida ilikatika vipandevipande, waliokuwa mbele wakiendelea na wa nyuma wakinyamaza. Walipomgeuza, shungi lilikuwa limemtoka na mdomo umevutika upande, meno nje. Nuru alicheka, kama alivyoahidi. Nami nikacheka. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilimtazama Bibi usoni nikadhani anacheka, kwa hivyo nikacheka naye. Uso wake ulikuwa ukinichanganya, hilo ni kweli. Lakini machozi yalikuwa yakimshuka hadi masikioni, na nilikuwa na macho.

Mama alitoka jikoni mikono imejaa unga. Alipiga magoti. "Chuma kiko wapi?" akauliza, na akamtafuta mtu kwa macho, na nilijua anayemtafuta ni nani. "Nani amemwacha bila chuma chake?"

"Nimekiacha mimi," Bibi akasema. Ulimi ulikuwa mzito kuliko siku zote. "Nimekichoka. Sikitaki."

Nilidhani amenificha. Njia nzima ya kurudi, Bibi akiwa amebebwa na wanawake wanne kwenye kile kiti, nilidhani kwamba ameujua uongo wangu na ameamua kunisetiri, kama alivyowahi kunisetiri nilipovunja bilauri za Mama. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowahi kumpenda. Usiku nilikwenda nikalala miguuni pake.

Siku ya tatu Bi Fatuma alikuja kumtazama, amebeba sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Mama alimkaribisha na kunituma maji ya kunywa. Nilipoingia nayo chumbani, Bi Fatuma alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na Bibi alikuwa amemgeuzia mgongo, uso ukutani.

"Shoga yangu, nimekukosea nini?" Bi Fatuma akauliza.

Bibi alivuta shuka hadi begani.

"Kama ni kiti, nilidhani kitakufaa. Kama ni watoto waliocheka, nimewachapa wa kwangu. Niambie."

Pale ndipo nilipoelewa. Bibi hakuwa amenisetiri mimi. Alikuwa amemsetiri mwenye nyumba, maana kwetu humsemi mtu ndani ya nyumba yake aliyokualika, hata akikutia aibu. Aliamini kila neno nililomwambia. Aliamini kwamba shoga yake wa miaka sitini hakutaka chuma chake kipite juu ya mikeka yake, akamtuma mtoto kumwambia. Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, naye alikuwa amemgeuzia mgongo asiye na kosa, huku mwenye kosa amesimama mlangoni na bilauri ya maji.

Neno moja lingetosha. Nililiona lile neno, lilikuwa fupi. Bi Fatuma alinitazama kana kwamba mimi, mtoto wa nyumba, nitamwambia kilichotokea. Nilimpa maji. Alikunywa kidogo kwa adabu, akaondoka, na halua ililiwa na mimi, kwa kuwa Bibi hakuigusa. Ya mlangoni niliyafanya kwa woga wa kitoto, na huenda mtoto akasamehewa. Haya ya chumbani niliyafanya nikiwa nimeelewa.

Kadzo alikuja mara tatu zaidi. Mara ya kwanza alileta chuma hadi kitandani, Bibi akatikisa kichwa. Mara ya pili alikaa ameushika ule mguu mgonjwa akiukunja na kuukunjua. "Mguu hauna kosa, hawe," akamwambia. "Usiuadhibu mguu kwa sababu ya watu." Mara ya tatu alizungumza na Mama uani. Nilimsikia akisema kwamba mama huyu alikuwa amefika, alikuwa amekwisha fika alikotaka, na kwamba mguu ukilazwa hukauka, na ukikauka haurudi. Mama alilia. Mimi nilikuwa nikichambua mchicha, na niliuchambua wote mpaka ukawa mabua matupu.

Ulikauka kweli. Bibi hakuvuka tena kizingiti chetu kwa miguu yake. Chuma kilikwenda stoo, kisha kikarudi uani kuanikia matambara. Aliishi akaona Mfungo sita mara mbili zaidi, na usiku wa maulidi tulisikia kaswida ya kiyamu ikivuka mapaa kutoka nyumba za watu. Bibi alikuwa akifumba macho mpaka iishe. Alipokufa, wanawake walijaa ukumbini kwetu, na kwenye matanga nilisikia hadithi yake ikizaliwa. "Mama huyu na heshima yake," wakasema. "Chuma alikikataa hadharani. Alisema sikitaki." Wakaisema kwa sifa. Bi Fatuma alikuwepo, amekaa karibu na mlango badala ya mbele. Hadithi ikakua pamoja na mimi. Ikawa kila mtu katika ukoo akionyesha ukaidi huambiwa amerithi kwa Bibi, aliyekataa chuma. Nimeisikia kwenye harusi yangu mwenyewe, na nikatabasamu.

Nimefika umri wa Mama wa wakati ule na kuupita. Mama anaishi mtaa wa Barani sasa, na Zuhura, mdogo wangu, ambaye alikuwa hajazaliwa wakati wa haya yote. Miezi michache iliyopita kiharusi kilimjia Mama naye, kidogo, upande wa kushoto; ulimi kilimwachia. Mtaalamu wa mazoezi alileta fremu mpya inayong'aa, akatuambia maneno yaleyale ya Kadzo kuhusu mguu kukauka. Mama alikitazama kile chuma na kugeuza kichwa.

"Rudisheni," akasema. "Mama yangu alikikataa mbele ya watu mpaka akafa, na mimi ni mwanawe."

Zuhura alimsihi wiki nzima. Kijana wa mazoezi alimsihi. Mimi sikumsihi. Nilikuwa nikienda Barani kila siku, nikikaa sakafuni kando ya kitanda chake, nikimkanda ule mguu, nikisikia jinsi unavyozidi kuwa mgumu mikononi mwangu. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, Zuhura akiwa anaosha vyombo, nilimwambia Mama. Nilimwambia kuhusu kona ya kichochoro na ubao wa mlango, na mikeka ya kuswalia ambayo hakuna aliyeitaja. Nilimwambia kwamba Bibi aliniita mara tatu. Nilimwambia kuhusu bilauri ya maji.

Mama alikuwa akitazama dari.

"Bi Fatuma," akasema mwishowe, "alikuwa akinishika mkono kila tulipokutana njiani. Miaka yote hiyo. Akiniuliza alimkosea nini mama yangu. Mpaka alipokuwa kitandani hajiwezi, aliniita nikaenda, akaniuliza hilohilo. Nami nikamwambia sijui, Bi Fatuma, mama yangu alikuwa na kiburi."

Nilisema nisamehe, na neno lilikuwa dogo, tukalisikia sote wawili lilivyo dogo.

"Zuhura," akaita. "Niletee hicho chuma."

Zuhura alikuja mbio, mikono imejaa povu, amefurahi, hajui kitu. Akakisimamisha mbele ya kitanda. Niliinuka nusu kumsaidia Mama kuketi.

"Wewe kaa," Mama akasema. "Usinishike."

Nikakaa. Zuhura alimfundisha kama alivyofundishwa na yule kijana, na Mama akasukuma kitanda kwa mkono mzima, akainama, akainuka, akatetemeka, akasimama. Ilikuwa inakaribia alasiri na alitaka kwenda uani kutawadha. Alikuja hatua moja, na ya pili, na ya tatu, akafika nilipokaa, na akasimama akitazama mbele yake.

"Kunja miguu," akaniambia. "Nipite."

Nikaikunja, akapita.